Njia ya Mwongo ni Fupi: Neno juu ya Safari za Ramani katika Kufundisha Jiografia

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Neno hili limetujia moyoni mara nyingi, kila tulipoketi mbele ya kompyuta kuzitazama zile safari za ramani ambazo walimu wenzetu wa jiografia, na sisi pamoja nao, tumeanza kuzitengeneza ili kufundishia watoto. Katika karatasi hii twapenda kuzipima safari hizo kwa haki: tuseme uzuri wake, tuseme na upungufu wake, na hasa upungufu uonekanao katika njia yetu hii ya zamani, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hata Ujiji penye ziwa la Tanganyika. Hatuandiki kwa kudharau kazi ya mtu. Makosa tutakayoyataja, sisi tuliyafanya kwanza.

Msomaji ambaye hajapata kuona safari ya namna hii na afahamu hivi. Vyombo viitwavyo setilaiti, vinavyoizunguka dunia juu sana kupita mawingu, hupiga picha za nchi. Picha hizo huunganishwa zikawa kama tufe moja, na mtu aweza kulizungusha tufe hilo kwa kidole. Programu ijulikanayo kuliko zote kwa kazi hii ni Google Earth, iliyotolewa mwaka 2005. Mwalimu hutia alama mahali apatakapo, huandika maneno machache kando yake, huongeza picha, kisha huzipanga alama zake moja baada ya moja. Akiisha, mashine huruka kutoka alama hata alama kama mwewe, na darasa zima hutazama ukutani au katika kioo cha kompyuta.

Uzuri wa jambo hili ni dhahiri, wala asiyeukiri hasemi kweli. Sisi tulipokuwa wanafunzi, ramani ya darasa ilikuwa moja, imechanika penye mikunjo, na ziwa la Tanganyika lilikuwa mstari wa buluu usiozidi kidole. Mtoto wa leo aweza kulifuata ziwa hilo kutoka kaskazini hata kusini, akaona mwenyewe kwamba urefu wake wapata kilometa 670. Aweza kusimama, kwa macho, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa pale Kilimatinde, akaona jinsi nchi inavyoporomoka ghafula kuelekea mbuga za Bahi. Aweza kuona mito ikijikusanya katika mabwawa mapana ya Malagarasi kabla ya kufika ziwani. Mambo haya tuliyakariri kwa maneno tu, na wengi wetu tuliyasahau siku ya pili ya mtihani. Tena kuna furaha ambayo kila mwalimu aijua: mtoto anapoliona bati la shule yake kutoka mbinguni, darasa zima hupiga kelele, na tangu hapo huwaza kwamba ramani si ya nchi za wengine tu.

Basi, baada ya kusifu, tuseme yaliyopungua.

Kosa la kwanza ni mstari. Katika safari nyingi tulizoziona, na katika ile tuliyoitengeneza sisi kwanza, njia ya misafara imechorwa kama uzi ulionyooka kutoka Bagamoyo hata Tabora, na mashine huupita uzi huo kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Mtoto atakumbuka nini? Atakumbuka kwamba Tabora na pwani ni jirani. Lakini Burton na Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa mwezi Juni 1857, hawakufika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, hata tarehe 7 Novemba ya mwaka ule. Ni siku zaidi ya 130. Umbali kwa mstari ulionyooka wapata kilometa 700. Mwanafunzi akigawanya, ataona kwamba msafara ule ulisogea kiasi cha kilometa 5 tu kwa siku, hali mtoto wa shule hutembea mwendo huo kabla ya kengele ya asubuhi. Kwa nini basi? Hapo ndipo jiografia ilipo. Njia haikunyooka, maana ilifuata maji. Kulikuwa na siku za kulala kambini kwa homa, siku za kutafuta chakula, siku za kuwangoja wapagazi waliotoroka, na siku za kupatana bei ya hongo.

Neno hili hongo, watoto wakilisikia hucheka, kwa sababu siku hizi ni jina la rushwa. Mwalimu na awaeleze. Katika Ugogo mvua ni haba, na aliyechimba kisima na kulima mtama katika nchi kama ile alikuwa na mali kubwa. Msafara wa mamia ya watu ukija na kiu yao waweza kukausha visima na kumaliza akiba ya kijiji. Hongo ilikuwa ushuru wa mtawala wa nchi, na ndani yake mlikuwamo bei ya maji. Picha iliyopigwa kutoka juu haionyeshi bei ya maji.

Tena yatazame majina yenyewe. Baada ya Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maana maji yake yalikuwa machungu. Na kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na Mgunda Mkali, yaani shamba kali, pori refu lenye maji machache, ambalo wasafiri waliliogopa kuliko mahali pengine. Mahali kama hapo msafara uliterekeza: uliondoka mchana na maji yake katika vibuyu, ukaenda hata jioni, ukalala pasipo maji, ukaamka mapema na kuyafikia maji ya mbele kesho yake asubuhi. Leo katika picha ya setilaiti pori lile ni rangi ya kijani na kahawia, reli na barabara ya lami zinalipita upande wa Manyoni na Itigi, na hakuna alama ya kumwambia mtoto kwamba watu waliliita kali. Wazee wetu waliweka jiografia yao katika majina. Tukiyaacha majina tukachukua rangi, tumebadili elimu kwa pambo.

Kosa la pili ni la wakati. Picha ni ya leo, nasi twaeleza juu yake habari za zamani, kana kwamba nchi haibadiliki. Twaa mfano wa Ujiji. Watengenezaji wa safari hizi hupenda sana kutia alama mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na mtoto huona kwamba ukumbusho ule uko mbali na ufuko wa ziwa. Aweza kudhani kwamba wale watu walikutana bara. Sivyo. Katika miaka ile Lukuga, mto utoao maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa kwa tope na majani, na maji ya ziwa yalikuwa yamepanda. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi kile, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa meta 10 hivi. Basi ufuko tuuonao katika picha si ufuko wa mwaka 1871. Mwalimu anayejua jambo hili ana somo zuri la saa nzima juu ya maziwa na mito. Asiyelijua hufundisha kosa kwa picha nzuri, na kosa la picha nzuri hukaa moyoni kuliko kosa la maneno.

Kadhalika reli. Wako waliofuata reli wakidhani wafuata njia ya misafara. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Haikuanza Bagamoyo, wala haikupita katika mji wa Mpwapwa, wala Kilimatinde. Miji ile iliyoachwa kando ilipungua nguvu, na vituo vya reli vikakua. Safari ya ramani ingeweza kumwonyesha mtoto mistari miwili, wa miguu na wa chuma, ikamwuliza: kwa nini mji huu ulikua na ule ukalala? Lakini mtengenezaji akiifanya mistari miwili kuwa mmoja, swali lenyewe limekufa.

Kosa la tatu ndilo lituumizalo zaidi, nalo ni la watu. Tulihesabu alama katika safari kadhaa za njia hii. Hapa alipita Burton. Hapa aliugua Speke. Hapa alikaa Livingstone. Hapa alipumzika Stanley. Habari hizo ni za kweli, wala hatutaki zifutwe. Lakini ni nani aliyeichukua mizigo? Ni nani aliyejua kisima kiko wapi? Kabla watu wa pwani hawajapanda bara kwa wingi, Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao za ndovu. Mpagazi wa njia hii alichukua mzigo wa ratili 60 hata 70, yaani kilo 27 hata 32, mbali na mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Mbele alitangulia kirangozi. Wasafiri wenye majina makubwa walifuata nyuma ya kirangozi huyo, kwa njia iliyokuwa imekwisha kukanyagwa na nyayo za wenyeji.

Njia hii imewekwa mwaka 2006 katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia kwa UNESCO, kwa jina la njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo sita vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo ni la kweli, maana watu walinunuliwa na kuuzwa katika njia hii, na Mkristo hawezi kulitaja jambo hilo pasipo huzuni. Lakini safari nyingi za ramani huishia hapo, zikamfanya kila mtu mweusi aliyepita njia hii kuwa mtumwa mwenye mnyororo. Wanahistoria wa siku hizi wameonyesha kwamba wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliojua kudai haki yao na kuweka mizigo chini wasipotendewa vema. Hata jina la Bagamoyo hufasiriwa kwa namna mbili: wengine husema ni mahali mpagazi alipobwaga moyo wake kwa kufika salama, wengine husema ni mahali mtumwa alipobwaga moyo kwa kukata tamaa. Mwalimu mwema atazisema fasiri zote mbili. Mwenye kumwambia mtoto moja tu amemnyang'anya nusu ya babu zake.

Tazama tena jinsi mtu wa nchi anavyoipinda ramani. Stanley alipotoka Unyanyembe mwaka 1871 kwenda Ujiji, hakufuata njia ya kawaida ya magharibi. Alizunguka kusini. Kwa nini? Kwa sababu Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa katika vita na Waarabu wa Tabora, na njia ilikuwa imefungwa. Safari inayochora uzi ulionyooka kutoka Tabora hata Ujiji imemfuta Mirambo. Na safari isimamayo Tabora bila kumtaja mtemi Isike, aliyejilipua ndani ya boma lake mwaka 1893 asikamatwe na Wadachi, imemwonyesha mtoto Tabora pasipo wenyewe.

Na kama ni lazima tumfuate Livingstone, basi tumfuate hata mwisho. Alikaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi, akaondoka mwezi Agosti, akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo, mwaka 1873. Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu kupita Unyanyembe hata Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa msomi aliyeandika habari za safari ile. Hiyo ndiyo safari tungependa kuiona katika ramani: safari iliyoongozwa na Waafrika, waliochagua njia wenyewe, wakapita kati ya njaa na maadui, wakatimiza neno lao. Mpaka leo hatujaiona katika madarasa tuliyoyatembelea, wala haikuwa katika kazi yetu ya kwanza.

Sasa wako watakaotuambia: Walimu, mwalalamikia mapambo, hali shule nyingi za vijijini hazina umeme wala kompyuta. Ni kweli, na jambo hili nalo ni sehemu ya hukumu yetu. Tena chombo hiki si chetu. Programu za Tour Builder na Expeditions, ambazo walimu wengi duniani walizitumia kutengenezea au kuonyeshea safari za namna hii, zilifungwa na Google yenyewe mwaka 2021, na mwalimu ambaye hakuwa ameweka nakala ya kazi yake alibaki mikono mitupu. Kwa hiyo twashauri kwamba kila safari ya ramani iandikwe kwanza katika daftari: vituo, umbali, maswali na majina. Mashine ikiwapo, daftari litaisaidia. Mashine isipokuwapo, daftari, kamba na ramani iliyochorwa kwa makaa juu ya sakafu ya darasa vitatosha. Safari isiyoweza kufundishwa bila umeme, mara nyingi haikuwa na somo ndani yake.

Turuhusiwe kueleza jambo moja lililotokea. Baada ya kuwaonyesha watoto safari yetu ya kwanza, wakaifurahia sana, tuliwachukua kwa miguu kutoka mjini hata Kwihara, kulitazama tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa. Tulichukua debe la maji la lita 20, na watoto wakapokezana kulibeba, ili wajue kidogo uzito wa mzigo. Hata hivyo debe lile halikufikia mzigo wa mpagazi. Jua lilipopanda, vicheko vilipungua. Tulipoketi chini ya mwembe kupumzika, msichana mmoja aliuliza, si kwa utani: "Mwalimu, mbona ramani yetu haina visima?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetia alama za wageni wanne na picha kumi na moja, lakini hatukutia hata kisima kimoja, katika njia ambayo kila hatua yake ilipimwa kwa maji.

Tuliporudi tuliivunja safari ile, tukaitengeneza upya. Kwanza, tuliondoa mruko wa mwewe, tukaweka vituo vingi vidogo, na kila kituo tukakipa kitu kimoja cha kutazama, kitu kimoja cha kupima, na swali moja lisilojibiwa na picha. Pili, palipo na Mgunda Mkali tuliwaagiza watoto wafunge vitabu wakae kimya dakika tano, mashine ikiwa imesimama juu ya pori tupu. Wengine walinung'unika. Tukawaambia kwamba wapagazi nao walinung'unika, tena kwa siku nyingi. Tatu, tuliwatuma watoto kwa wazee kuuliza majina ya visima, vijito na makambi ya zamani, wakayaleta yameandikwa kwa kalamu ya risasi. Majina mengine hatukuyakuta katika ramani yoyote.

Hapo tulikumbuka habari ya Musa. Alipandishwa mlima Nebo akaonyeshwa nchi yote kutoka juu, mabonde yake na miji yake, lakini hakuingia. Yoshua ndiye aliyeivuka Yordani. Na kabla ya hapo, wale wapelelezi kumi na wawili hawakutumwa kutazama kutoka mlimani. Walitumwa kutembea siku 40, wachunguze kama udongo ni mnono au la, kama miti ipo au haipo, tena warudi na matunda mkononi. Safari ya ramani humpandisha mtoto Nebo. Ni jambo jema, na wengi wa zamani wangelilia kulipata. Lakini mwalimu asidhani kwamba amekwisha kuwavusha watoto Yordani.

Hukumu yetu basi ni hii. Safari za ramani ni chombo chema kilichotumiwa kwa haraka. Huonyesha umbo la nchi vizuri kuliko kitabu chochote tulichopata kukitumia, lakini huficha mwendo, huficha wakati, na zikitengenezwa kwa uvivu huwaficha wenye nchi. Dawa yake haiko katika mashine iliyo bora zaidi, bali kwa mwalimu atakayeuliza kabla ya kutia alama: nani alipita hapa, alikunywa nini, na alilala wapi?

Na ninyi wasomaji mkaao Tura, Manyoni, Urambo, Uvinza, na vijiji vyote vilivyo kando ya njia ile, msidhani kwamba kazi hii ni ya walimu tu. Kuna ramani ya wazi iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kuitilia jina la kijito au kisima cha kwao. Lakini hata asiye na simu ana mzee jirani. Mwendeeni juma hili, kabla hajalala na majina yake. Mwulizeni misafara ilipiga kambi wapi, na maji yalichotwa wapi, mkaandike katika karatasi, mkampe mwalimu wa shule iliyo karibu nanyi. Yule msichana bado anangoja jibu, na sisi peke yetu hatuwezi kumpa.